Nyaya za Mamamkwe

Soweto, Mbeya
2 Juni 2024

Mtani Crispin,

Mimi nipo. Jino moja limeniaga tangu tuachane, na masikio ndiyo kama unavyoyajua. Juzi ulipopiga simu nilisikia nyuki wawili wanagombana, nikawajibu "ndiyo, ndiyo," nikakata. Kama nimekubali kuoa au kuuza shamba, haihesabiki. Mwenye la maana aandike, ampe kondakta wa basi. Macho yangu bado yana adabu.

Bahati nzuri barua yako ilifuata nyuma ya hao nyuki. Nimeisoma, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaisoma tena. Kwamba mjukuu wako Damari anaolewa tarehe 31 Agosti hapo Idodi. Sawa, mtoto amekua. Kwamba maharusi wakitoka kanisani wewe utapita juu yao na ndege yetu. Sawa, majivuno ni ya kwako tangu tumboni. Lakini kwamba kiti cha nyuma atakaa Faustina, kapu la maua mapajani! Faustina huyu huyu mkeo, ambaye kwa miaka tisa, tangu tuipaishe mara ya kwanza, anaiita jeneza lenye mabawa? Umemlisha nini?

Basi kama ndiyo hivyo, nikuulize la aibu. Lini mara ya mwisho ulimchungulia Mamamkwe chini ya sakafu? Tulimbatiza jina hilo kwa sababu hachezewi wala hajibiwi, lakini hatukusema asikaguliwe. Tulimjenga kwa mbao, kitambaa na injini ya Vokswageni la mgongo wa kobe. Mbao nimezisamehe, injini inalia yenyewe ikiumwa. Mimi naogopa vitu visivyolia. Zile nyaya mbili zinazotoka kwenye fimbo ya usukani mpaka mkiani, zinazoinua pua na kuishusha, zinapinda kwenye puli chini ya kiti chako. Hapo ndipo waya huchakaa, na hapo ndipo hakuna anayetazama, kwa sababu pamekaliwa na makalio ya Mhehe.

Chukua tambara la pamba. Lipitishe pole pole kwenye waya, urefu wote. Likinasa, kuna uzi umekatika. Usipitishe kidole, utakirudisha kimechanika. Ukimaliza nitumie tambara lenyewe nilione. Siyo kwamba sikuamini. Ni kwamba nakujua.

Barua zangu zitashukia Iringa mjini, duka la vyuma la Pinal, kama siku zote. Msalimie Faustina, mwambie shemeji yake wa Kingoni amevua kofia.

Wako kwenye baridi,
Sosthenes Mapunda


Idodi, Iringa
16 Juni 2024

Mtani Mapunda, mla panya,

Kamwene. Sisi wazima, joto tu, lakini joto ni mali yetu, hatulalamiki kama watu wa Mbeya mnaovaa makoti mpaka bafuni.

Sijamlisha Faustina kitu. Nimemwomba miaka tisa kwa mdomo wangu mwenyewe, akakataa miaka tisa. Halafu juzi Damari amekaa naye wanachambua maharage, akamwambia, "Bibi, nataka wewe ndiye unimwagie maua kutoka juu." Faustina akachambua maharage kama hajasikia. Akachambua weee. Mwisho akasema, "Sawa." Mimi nilikuwa nakunywa uji pembeni, nikajimwagia kifuani. Sikuthubutu hata kusema umeniunguza. Tangu siku hiyo natembea hapa nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Nikikohoa vibaya anaweza kubadili mawazo, na nakuambia, mtani, akibadili safari hii hatakubali tena mpaka tunakufa. Huu ndio mlango mmoja tu, na umefunguka kidogo.

Nyaya nimezikagua. Sikusubiri Mngoni anifundishe. Nimezipaka mafuta ya nguruwe safi, mwanzo mwisho, zinang'aa kama upara wa askofu. Kisha nikapitisha tambara. Limeteleza kama kwenye siagi. Halikunasa mahali popote. Ninalo hili hapa, nakutumia, ulilie.

Ni mimi rubani,
Crispin Kikoti


Soweto, Mbeya
24 Juni 2024

Rubani mpendwa,

Tambara limefika. Nimelinusa, nimelivuta, nimelipima kwenye jua, na nimecheka mpaka jirani yangu Tumpe akaja kuangalia kama napaliwa.

Hili si tambara la pamba. Hii ni bitana ya gagulo. Nailoni. Kitu hiki hakinasi hata kwenye ua wa michongoma. Mwanamke anaweza kupita nacho katikati ya shamba la mkonge akatoka na heshima yake yote. Na sitauliza ni gagulo la nani wala umelipataje, maana mimi ni Mkatoliki.

Halafu mafuta ya nguruwe! Crispin, waya wenye nyuzi zilizokatika ukiupaka mafuta mazito, nyuzi zinalala chini kama watoto waliosikia baba anaingia. Kitu pekee ulichokithibitisha ni kwamba nguruwe alikuwa mnene. Na umewajengea panya wa Idodi barabara yenye mchuzi kuanzia mkiani mpaka kitini. Ningekuwa karibu ningekuja na sufuria.

Sasa nasema bila utani, nusu ukurasa tu. Futa mafuta yote kwa petroli. Fungua waya, utoe kwenye puli, ukunje kwenye kidole gumba pale ulipokuwa unapinda. Waya uliochakaa ndani hujionyesha ukikunjwa. Na uzungushe puli kwa kidole, uone kama bado zinazunguka. Lakini hata usipoona kitu, kwa umri wake mimi ningebadilisha nyaya zote mbili kabla ya harusi. Nimeshamwandikia Pinal. Kaka yake Hardik aliyeko Dar anaweza kupata waya wa ndege wenyewe, ule wa nyuzi mia na ushee zilizosokotwa. Siyo kebo ya klachi ya pikipiki. Nakuona unavyoiwazia kebo ya klachi.

Sosthenes


Idodi, Iringa
7 Julai 2024

Mtani,

Bitana ni ya koti langu la zamani, siyo ya gagulo. Nalisema hili mbele ya Mungu na mbele ya Pinal, ambaye najua anazisoma barua zako kabla yangu, maana huwa anacheka kabla sijafungua bahasha.

Sasa sikiliza. Sifungui kitu. Ili nifungue hizo nyaya lazima ning'oe kiti, ning'oe sakafu, nimwache Mamamkwe tumbo wazi bandani wiki mbili. Na banda liko hatua chache kutoka jikoni kwa Faustina. Atapita na ndoo, ataona ndege imetawanyika chini kama mbuzi aliyechinjwa, atasema, "Kumbe ni mbovu," na habari imeishia hapo. Anatafuta sababu, mtani. Namwona akilitazama lile banda. Anasimama, anatazama, anaendelea na safari zake. Nikimpa sababu moja tu, Damari atamwagiwa maua na mtu aliyepanda juu ya ngazi.

Nyaya hizi zimenibeba miaka tisa bila hata kuguna. Zitanibeba dakika ishirini nyingine. Septemba nitabadilisha zote, na wewe uje uning'ong'e unavyotaka.

Badala ya kunitisha, njoo kwenye sendofu ya kumuaga Damari, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, hapa kwangu. Wakwe wanatoka Ubaruku, watu wa mpunga, wana heshima zao na hotuba zao ndefu. Tunahitaji mtani wa kutia pilipili. Lakini usiwaambie kuhusu nyaya. Nakuomba kama mtu mzima mwenzangu.

Crispin


Soweto, Mbeya
20 Julai 2024

Mtani,

Umeniomba kama mtu mzima, basi. Sitasema neno juu ya nyaya, kwa wakwe wala kwa Faustina, wala kwako. Nitakuja na pilipili tu.

Nitapanda basi la asubuhi Ijumaa. Nitakuja na koti langu kubwa, lile lenye mifuko ya ndani. Usinicheke kwa joto la huko. Mzee ana mahitaji yake.

Sosthenes


Idodi, Iringa
13 Agosti 2024

Mapunda!

Tangu Jumamosi nacheka. Nacheka kwa sababu desturi inanilazimisha. Kwa desturi yetu mtani akichukua kitu cha mtani wake mbele ya watu, mwenye kitu hana ruhusa ya kukasirika, anacheka, anakomboa. Kwa hiyo nacheka. Mashavu yananiuma kwa kucheka. Watu wakiondoka naingia bandani nafunga mlango nakasirika peke yangu kidogo, halafu natoka naendelea kucheka.

Nilidhani umekwenda kujisaidia! Hotuba ya mjomba wa bwana harusi imeanza, wewe ukanyanyuka na lile koti. Hotuba ya shangazi yake ikapita. Ya mwenyekiti wa kamati ikapita. Nikasema moyoni, mzee wa watu tumbo limemchafuka, masikini. Mara naona watu wanageuka. Unaingia! Umevaa nyaya za Mamamkwe shingoni kama rozari, fimbo ya usukani begani kama jembe, unaimba wimbo wa Kingoni ambao hakuna aliyeuelewa, nashukuru. Unawaambia wakwe, "Nimemkata mishipa kuku wa Mhehe, asipoteze njia akaruka mpaka Songea!" Na wale wa Ubaruku, badala ya kukushangaa, wakapiga vigelegele! Yule mjomba wa hotuba akaja kukushika mkono! Mpaka leo wakipiga simu wanauliza habari zako kwanza, ndipo wanauliza za Damari.

Asubuhi yake, kabla hatujaamka sawasawa, umeshapanda gari la Iringa, na nyaya ndani ya koti.

Haya, umeshinda, wote wameona. Lakini harusi ni tarehe 31, mtani. Nimebakiwa na ndege isiyo na usukani na mke aliyekubali. Jana Faustina kaniuliza, "Kwa hiyo haturuki?" Sikuweza kujua kama amefurahi au amehuzunika. Nikamwambia tutaruka. Nimemwambia hivyo nikiwa nimeshika meza.

Taja fidia yako. Kuku, mbuzi, chochote. Rudisha nyaya zangu.

Crispin


Soweto, Mbeya
15 Agosti 2024

Kwa shemeji yangu Faustina, mkononi mwake, siyo kwa mumewe.

Shemeji,

Shikamoo za kukutania leo nimeziweka kando. Nimemwambia Pinal kwa maandishi makubwa kwamba barua hii akiifungua yeye nitamlaani kwa Kingoni. Akupe wewe utakapokwenda mjini kwenye vitenge vya harusi.

Crispin anadhani nilichukua nyaya zake kwa utani. Wewe ndiwe utakayekaa nyuma, lazima ujue.

Wakati mjomba wa Ubaruku anahutubia nilikuwa chini ya kiti cha rubani na spana. Nikatoa mbao za sakafu. Puli moja ya chini ya kiti imeganda, haizunguki kabisa. Waya umekuwa ukiburuzwa juu yake mpaka umelika upande mmoja, na mafuta ya nguruwe yamefunika yote. Nikaufungua, nikaupeleka nyuma ya banda, nikaufuta kwa petroli, nikaukunja kwenye goti. Nyuzi zikaanza kuachia moja moja. Sikuzisikia, unajua masikio yangu, ila nilizihisi mkononi, kama mtu anavunja njiti za kiberiti ndani ya ngumi yangu. Nikavuta. Ukakatika vipande viwili.

Shemeji, mikono hii siku hizi haifungui hata chupa ya soda.

Nilikaa pale chini nyuma ya banda, ngoma zinapigwa, nikatazama vile vipande. Ningeweza kuingia na kusema mbele ya watu, jamani, tazameni. Lakini wakwe wapo, Damari amekaa pale amependeza, na mume wako amevaa ile suti. Basi nikaficha ncha zilizokatika chini ya kola ya koti, nikajitungia wimbo.

Waya mpya umefika. Niko mezani naukata na kubana vichwa vyake. Wiki ijayo nyaya zitakuwa tayari, na nitakuja kuzifunga mwenyewe. Lakini wewe una haki ya kusema hapana, na ukisema hapana mimi nitasimama upande wako, nitamwambia Crispin lawama zote ni zangu. Na kuhusu yeye, nimwambie ukweli au nisimwambie? Miaka yote namtania huyu mtu sijawahi kuomba ruhusa. Leo naomba.

Shemeji yako,
Sosthenes


Iringa mjini
19 Agosti 2024

Shemeji Sosthenes,

Barua yako nimeisoma hapa dukani kwa Pinal nimesimama. Halafu nikaomba kiti. Pinal kaniletea chai na hakuuliza kitu. Kwa hiyo nadhani laana yako ya Kingoni imefanya kazi, au hakuiogopa. Kalamu hii na karatasi ni zake.

Nilijua kuna jambo. Ulipoingia unaimba, watu wote walikutazama mdomo. Mimi nilitazama mikono. Mtu anayetania hashiki waya namna ile.

Usimwambie. Namjua Crispin. Akijua kwamba alikuwa anipandishe kwenye waya wa kukatwa na goti la mzee, atafunga lile banda na hatalifungua tena maisha yake. Halafu kila asubuhi atanitazama kama mtu aliyenifukua kaburini. Mimi sitaki kutazamwa hivyo nikiwa nakunywa chai.

Na mimi nataka kuruka.

Ndiyo, soma tena. Wewe na yeye mnadhani nilikataa kwa woga. Mara ya kwanza, ndege ilipokuwa mpya, alikuja jikoni akaniambia, "Mama Evarista, njoo ukae nyuma, ndege inataka uzito." Uzito! Mara ya pili alikuja na mizani ya mahindi. Akanipandisha, akaziandika kilo zangu kwa chaki kwenye ukuta wa banda, chini ya kilo za gunia la mchanga. Na chaki hiyo ipo mpaka leo, kila mtu anayekuja kushangaa ndege anaisoma. Miaka tisa ananiomba kama gunia, halafu anashangaa gunia linakataa. Nikisimama pale nje kulitazama banda, yeye anadhani natafuta sababu ya kukataa. Mimi naitazama ile chaki.

Damari ndiye wa kwanza kuniomba kama mtu.

Kwa hiyo njoo na nyaya zako. Ifanye fidia ya utani, hataweza kukataa. Na asubuhi ya siku ile, kabla ya kwenda kanisani, tambara nitalipitisha mimi. La pamba. Nionyeshe tu namna.

Faustina


Soweto, Mbeya
22 Agosti 2024

Mtani Crispin, Mhehe uliyefungwa mabawa,

Nimesikia kilio chako. Kuna habari mbaya ndogo. Nyaya zako zimepotea. Nilimwazima jirani Tumpe afungie mbuzi wake jike, na mbuzi ameondoka nazo. Tunamtafuta. Mbuzi ni wa Kisafwa, hajui thamani ya anga.

Desturi unaijua: mtani akipoteza kitu alichokichukua, anatengeneza kingine. Kwa hiyo nimekutengenezea nyaya mbili mpya, waya ule ule wa Hardik nilioagiza ukinibishia. Nimebana vichwa vyake na nimening'inia juu yake mimi mwenyewe kwenye boriti ya nyumba mpaka Tumpe akaja mbio kunitoa, masikini, akidhani nimechoka na dunia. Nakuja Jumatatu. Na kwa kuwa lazima ning'oe sakafu nizifunge, nitakubadilishia na puli za chini ya kiti, mradi niko huko huko.

Fidia yangu ni hii, na haipungui.

Kwanza, utalala chini ya Mamamkwe pamoja na mimi muda wote wa kazi, ushike tochi, na utukanwe bila kujibu. Tutakaza nyaya mchana jua likiwa juu, siyo asubuhi, maana huko kwenu waya ukipata joto unalegea na mbao hazijali. Ukilalamika jua, tunaanza upya.

Pili, kuna maandishi ya chaki kwenye ukuta wa banda. Niliyaona nikiwa chini pale. Yafute. Kwa maji na sabuni. Gunia la mchanga unaweza kuliacha.

Tatu, hujamposa abiria wako. Mwanamke hapandi ndege ya mwanamume kwa kuambiwa "njoo ukae". Utatuma mshenga. Mzee Aroni wa kwaya anafaa, ana sauti na hana haraka. Aende kwa Faustina, apige hodi, akae, aseme kuna kijana anaomba kuruka naye. Akikataa, umekataliwa kwa heshima. Akikubali, umekubaliwa.

Usiniulize nimeyatoa wapi. Mimi ni Mngoni, nazua.

Sosthenes


Idodi, Iringa
8 Septemba 2024

Mtani Mapunda,

Uliondoka na basi la wakwe ukiwa umelewa pombe ya mpunga na sifa, kwa hiyo hukusikia habari kamili. Sasa kaa.

Kwanza mshenga. Uliniona siku ile nilivyohangaika nyuma ya nyumba kama kijana wa kidato cha pili, lakini hukuwa ndani. Mzee Aroni kanisimulia baadaye. Faustina alimwacha akae mpaka chai ikapoa. Akamuuliza, "Huyo kijana ana tabia gani?" Aroni akasema, "Nzuri, ila anajisifu." Faustina akasema, "Analewa?" Aroni akasema, "Zamani." Akamwongezea chai. Akasema, "Mwambie nimekubali, lakini nitakaa nikiangalia mbele, siyo nikiangalia kisogo chake." Mtani, mimi nina wajukuu. Nililia kama mjinga nyuma ya banda la kuku.

Asubuhi ya harusi nilimkuta amevaa kitenge chake kipya, ameinama ndani ya Mamamkwe, anapitisha tambara la pamba kwenye waya, kutoka kwenye fimbo mpaka mwisho, pole pole, kama anafuta uso wa mtoto. Kisha akaliinua kwenye jua akalitazama. Akanitupia. Akasema, "Twende kanisani." Sijui nani kamfundisha. Mimi sikumfundisha.

Tukaruka. Uliona kutoka chini, lakini kutoka chini si kitu. Tulipofika juu ya kanisa nikapiga kelele, "Mwaga!" Alimwaga lile kapu lote kwa mara moja, na kapu lenyewe. Damari alipata petali tatu. Nyingine zilipata masufuria ya pilau na yule mjomba wa hotuba. Nikataka kugeuza tushuke, akanipiga begani. Nikadhani anaumwa. Akanionyesha kwa mkono: mtoni. Tukaenda mtoni. Akanionyesha: mlimani. Tukaenda mpaka nikaanza kuangalia petroli. Tukipita juu ya kwetu akaniinamia sikioni akasema, "Kumbe nyumba yetu ni ndogo hivi. Na tulivyogombana humo!"

Sasa anauliza Jumapili ijayo kama tuna safari. Hata wewe amekushonea fulana, atakutumia.

Nimalize na letu. Nyaya zako mpya ni nzuri, sikatai, fimbo ni laini mpaka naiogopa. Lakini mtani, sasa yameisha, watu wameshakula na wameondoka. Kubali tu kwamba zile za zamani zilikuwa nzima. Ulichukua kitu kizima kwa utani, ukanisumbua wiki tatu. Nataka uandike kwa mkono wako. Nitaibandika bandani, pale palipokuwa na chaki. Miaka yote hii hujawahi kukubali hata mara moja kwamba Mhehe amesema kweli.

Crispin, rubani wa watu wawili


Soweto, Mbeya
15 Septemba 2024

Mtani,

Barua yako nimekaa nayo tangu jana. Tumpe kaniuliza mara mbili kama kuna msiba, maana hajazoea kuniona na kalamu bila kucheka.

Nilikuwa nimeanza kukujibu, ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu sana, nikauchana. Karatasi iliharibika.

Basi. Mwite Faustina asimame karibu, usome kwa sauti:

Mimi Sosthenes Mapunda, Mngoni wa Soweto, naandika kwa mkono wangu na akili timamu kwamba nyaya za zamani za Mamamkwe zilikuwa nzima. Nzima kabisa. Zingeweza kubeba maharusi, mjomba wa Ubaruku na hotuba yake. Nilizichukua kwa utani tu. Crispin Kikoti alisema kweli.

Umefurahi? Bandika.

Na kila Jumapili kabla ya misa, weka mkono chini ya kiti uzungushe zile puli mbili kwa kidole, uone kama zinazunguka. Hakuna sababu yoyote. Hesabu kwamba ndiyo fidia iliyobaki.

Aliyeshindwa,
Sosthenes